Stesheni Isiyo na Mchanga

Watu wakianza kuisifu reli yetu mpya mbele yangu, mimi huinuka nikaenda jikoni. Nikikaa nitasema, na nikisema nitakosana na mtu. Mume wangu ananijua. Mgeni akisema amekuja na treni, ati safari yote chai haikumwagika kikombeni, mume wangu humkatiza haraka akamuuliza habari za mvua huko alikotoka.

Si kwamba naichukia treni. Nimeolewa Changamwe, na nyumba yetu iko karibu na reli ya zamani kiasi kwamba vyombo vilikuwa vikigongana kabatini kila ilipopita. Nimepanda treni katika nchi tatu: hapa kwetu, India na Tanzania. Mambo ya injini na vyuma siyajui na sina haja nayo. Ninachokijua ni jinsi abiria anavyopokewa mlangoni, na kwa hilo mtu hahitaji kusomea. Treni yetu ni safi, ina viti vizuri, na inaondoka kwa wakati wake. Lakini aliyeichora stesheni yake hakumfikiria mtu kama mama yangu hata kidogo, na hilo ndilo lililonijaza hasira ambayo mpaka leo haijapata pa kwenda.

Nianze na India, maana huko ndiko nilikojifunza kulinganisha. Tulikwenda kwa sababu ya moyo wa mama. Wenyeji wa Mombasa tunaijua njia hiyo. Kila ukoo una mtu aliyekwenda kutibiwa huko akarudi, au hakurudi. Tulishuka na ndege katika jiji kubwa, tukalala kwenye nyumba ya wageni ya mzee mmoja na mkewe, na kutoka hapo tulitakiwa tupande treni mpaka mji wenye hospitali. Niliogopa. Lugha sikuijua hata salamu, na mama alikuwa akitembea hatua chache anasimama kutafuta pumzi.

Stesheni yenyewe ilikuwa chafu, nisiseme uongo. Watu walilala sakafuni juu ya mashuka, familia nzima na masufuria yao. Harufu ya mkojo na ya chai ya maziwa zilikuja pamoja. Na mbwa! Mbwa walikuwa wamejilaza pale kama wana tiketi. Mimi nilisita, nikamtazama mama, maana nyumbani kwetu mbwa akipita uani tu lazima maji yamwagwe. Mama akakusanya buibui lake, akawapita kwa mbali kidogo.

"Yeye yuko kwake, nami niko kwangu," akasema. "Hajanigusa, sijamgusa."

Kilichonishangaza zaidi ni wale wenyeji wetu, mzee na mkewe. Nilidhani watatuaga nje. Badala yake mzee alikwenda dirishani akarudi na vikaratasi viwili, na nilipouliza akanieleza kwa Kiingereza chake cha kukwama kwamba hizo ni tiketi za kusindikizia. Hazikuruhusu kusafiri, ziliruhusu kuingia tu mpaka kwenye treni, kumkalisha mtu wako na kuagana naye. Nilizishika nikazigeuza mkononi. Kumbe iko reli duniani inayojua kwamba msafiri hasafiri peke yake, kwamba nyuma yake kuna watu, na ikawatengenezea watu hao tiketi yao! Mke wa mzee alikaa na mama ndani ya behewa mpaka honi ilipolia, amemshika mkono, hawaelewani neno. Mchukuzi mwenye shati jekundu aliupandisha mzigo wetu taratibu kama alivyoombwa.

Kuhusu mzigo huo lazima nieleze, kwa sababu habari yote inauzunguka. Mama alipokwenda kuhiji alirudi na sanda yake. Wanawake wengi wa rika lake wanazo. Aliinunua kule kule Makka, akaichovya katika maji ya zamzam, akaikausha, akaitia karafuu maiti na udi, kisha akaifunga ndani ya leso nyeupe. Tangu siku hiyo hakulala nje ya nyumba yake ya Mtongwe bila kuichukua, kwa kuwa mtu hajui atafia wapi. Aliiweka ndani ya kikapu cha ukili, na daima iliwekwa juu ya kila kitu. Wakati wa kwenda India niliifunika kwa nguo zake za ndani ili isionekane, akanitolea maneno.

"Nguo ya mwisho haikai chini ya sidiria," aliniambia. "Toa uiweke juu."

Ikakaa juu. Ikaenda India juu ya mzigo na ikarudi juu ya mzigo, moyo wa mama ukiwa umetengenezwa, alhamdulillahi. Ilipita kwenye mashine za viwanja vya ndege, ikapita kwenye stesheni zenye msongamano wa ajabu, na hakuna aliyeitia mkono.

Tanzania nilikwenda peke yangu miaka kadhaa baadaye, shangazi yetu alipofariki Dodoma. Treni yao mpya inatumia umeme na inaondokea katikati ya Dar es Salaam, unashuka kwenye gari la mjini unaingia stesheni. Nako kuna ukaguzi, tena mkali. Foleni ilinichosha nikanung'unika. Lakini mizigo yetu iliwekwa juu ya mkanda ikaingia kwenye mashine, na kijana aliyekuwa akisimamia alinipa shikamoo kabla ya kuniambia nivue mkanda wangu. Nikaingia. Nilipokaa nilijisemea kwamba hata sisi tunaweza, ni majirani zetu hawa, lugha yetu moja. Sikujua bado kwamba mimi na reli ya kwetu tulikuwa na miadi.

Macho ya mama yalianza kuharibika polepole. Ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unamwibia mtu nuru kutoka pembeni kuja katikati. Jicho la kushoto lilikufa kabla hatujajua kinachotokea. Daktari wa Mombasa akatuambia la kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini upesi. Kaka yangu anayeishi Nairobi akahangaika huko na huko, na mwishowe akampatia mama nafasi kwa daktari bingwa aliyekuja kutoka nje kwa muda mfupi. Mama alipangiwa siku ya mwisho kabisa ya daktari huyo. Jioni ya siku hiyo hiyo mgeni anapanda ndege kwenda kwao.

Mama alikuwa bado anasoma msahafu wa maandishi makubwa kwa jicho hilo moja. Anausogeza mpaka puani, anausoma. Watoto wa majirani wa Mtongwe wanakuja kwake baada ya adhuhuri, anawasikiliza na kuwafuatia kwa kidole. Ndicho alichokuwa akikiogopa kukipoteza, kuliko kujikwaa, kuliko kushikwa mkono kwenda chooni.

Basi la barabarani daktari wa moyo alishamkataza, asikae siku nzima amening'iniza miguu. Tukatafuta treni. Ilikuwa Desemba, wakati nusu ya Nairobi inashuka pwani na kupanda. Kaka alifanikiwa kupata kiti kimoja tu, cha mchana wa siku moja kabla ya upasuaji. Hatukuona tatizo. Mimi ningempeleka mama mpaka kitini, nimkalishe, nimkabidhi kwa abiria mwenzake, na kaka angempokea Nairobi. Ndivyo tulivyosafirisha wazee wetu siku zote katika treni ya zamani. Treni ile ilikuwa mbovu, ilichelewa mpaka aibu, lakini ukumbi wa stesheni ya mjini ulijaa wasindikizaji kuliko wasafiri. Tuliingia mpaka ndani ya mabehewa, tukapitisha mikate na mabungo madirishani, tukaombana radhi, na mwenye filimbi alitusubiri tushuke huku akitukemea. Sikupata hata kufikiri kwamba mtu anaweza kuzuiwa kumkalisha mama yake.

Tuliondoka Mtongwe mapema na gari la kukodi, mimi, mama, na jirani yake. Jirani huyu ni mama wa Kigiriama, mtu wa kanisa, wamepakana ukuta na mama kwa zaidi ya nusu ya maisha yao na wamelea watoto pamoja. Alisema hawezi kumwacha mwenzake aende kupasuliwa jicho bila ya kumsindikiza. Tulipita barabara mpya ya Dongo Kundu, hatukuhangaika na kivuko, na mama aliushikilia uso wake kwenye dirisha kuona maji yanayong'aa chini ya daraja. Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi kweli, na hilo nalo linaniudhi.

Stesheni iko Miritini, mbali na mji, imejengwa kwa fahari. Chini kote kumetandikwa matofali ya saruji, tena yamepangwa vizuri, hapana pa kukanyaga udongo. Getini kulikuwa na askari kijana.

"Tiketi?"

"Ya mama hii hapa," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi namsindikiza. Haoni vizuri."

"Msindikizaji anaishia hapa, mama. Kuna wenye viti vya magurudumu, watamchukua kule mbele wakishamaliza kumkagua."

Nilimweleza. Nilimwambia ana jicho moja, na lenyewe linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilimwambia nitaingia bila mzigo, nipekuliwe nitakavyopekuliwa, nikishamkalisha nitoke. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema vile vile alivyosema mwanzo. Akataka kumshika mama mkono ampeleke, mama akaurudisha mkono wake ndani ya buibui, kwa kuwa si maharimu wake, si ndugu wa kumgusa. Basi akamwelekeza amfuate bwana aliyekuwa mbele.

Mama akaenda, kikapu mkononi. Mimi na jirani tukabaki kwenye vyuma vya kuzuia watu, tunamtazama.

Sasa, kwa ambaye hajasafiri na treni yetu, utaratibu ni huu. Kabla ya mashine, abiria wanaweka mizigo yao chini kwa mstari, wanaamriwa warudi nyuma, na askari anapita na mbwa anayenusa mzigo mmoja baada ya mwingine. Kisha mnaokota mizigo mnaipeleka kwenye mashine. Ndiyo, mashine ipo. Ipo pale pale, hatua chache mbele. Usalama naujua maana yake na sina ugomvi nao. Mimi pia nataka kufika salama. Lakini hii ni Mombasa. Mnajua mnampokea nani. Pwani nzima hii, kuanzia Kisauni mpaka Likoni, mlango kwa mlango, mnajua mbwa kwetu ni nini, na bado hakukuwa na hata kibao cha kumwonya mtu kwamba mbele kuna mbwa, wala meza ya pembeni kwa mwenye kuomba mzigo wake upekuliwe kwa mkono.

Mama aliambiwa aweke kikapu chini, akaweka. Akaambiwa arudi nyuma, hakurudi, kwa kuwa alidhani ile ni foleni na akiondoka atapoteza nafasi. Akasimama karibu na kikapu chake, ameinamisha kichwa, anasubiri. Kikapu cha ukili hakina zipu. Mdomo uko wazi, na juu yake imekaa sanda.

Mbwa akaja kutoka mwisho wa mstari ambao mama hakuweza kuuona.

"Shosho, rudi nyuma, wacha mbwa ifanye kazi!" askari aliyemshika alisema.

"Mama!" nikapiga kelele. "Inua kikapu! Mbwa!"

Alisikia sauti yangu, akaelewa neno kikapu, akanyoosha mkono kuinua. Mkono wake ukashukia juu ya pua ya mbwa, ndani ya kikapu, juu ya leso nyeupe.

"Nini hichi cha maji?" akauliza.

Kisha akajua. Hakupiga kelele. Aliuondoa mkono, akaushika mbali na mwili wake, vidole vimetanuka, akakaa chini juu ya yale matofali. Watu wote wakageuka. Mimi nilikuwa nimeshika vile vyuma navitikisa.

Kwa madhehebu yetu, kilichoguswa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na mchanga. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mama aliyewafundisha watoto hao alikuwa ameketi katikati ya stesheni, mkono wake mmoja na nguo yake ya kuzikiwa zina najisi, na mbele yake ana safari na upasuaji na sala za kutwa nzima.

"Nipatieni mchanga," akasema.

"Anasema anataka nini?" askari akamuuliza mwenzake.

"Mchanga."

"Ni mgonjwa wa kichwa?"

"Ni mgonjwa wa macho!" nikamjibu kutoka kwenye vyuma. "Kichwa chake ni kizima kuliko chako!"

Mama alinisikia, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa tulivu. Nataka hili lieleweke vizuri, maana watu wakisikia habari hii husema wazee wana ukaidi, kwamba aliacha jicho kwa ajili ya nguo. Mama hakufanya ukaidi.

"Mwanangu," akaniambia, "sanda njoo uichukue, utanifulia. Mimi nataka nioshe mkono huu tu, nipate kusali huko. Nikishauosha nitakwenda."

Ni hilo tu aliloliomba, konzi moja ya mchanga na maji. Maji yalikuwa ndani, bomba liko nyuma ya mashine. Mchanga ulikuwa nje. Katikati tulikuwa sisi na geti.

Jirani yake hakungoja kuambiwa. Yeye mila yetu hii anaijua kuliko baadhi ya Waislamu ninaowafahamu. Alifunga leso yake kiunoni akakimbia, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akapita magari yote yaliyoegeshwa juu ya matofali, akapita bustani ya maua yenye samadi, maana alijua samadi haifai, mpaka kando ya barabara kuu. Akarudi anahema, pembe ya leso imefungwa mchanga.

Askari wa getini akamsimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Mchanga."

"Wa nini?"

"Wa kumwosha mwenzangu mkono. Ameguswa na mbwa wenu."

Askari akaufungua, akautazama, akautia kidole. Alishindwa kuamua. Akamwita mwenzake, naye akaja akautazama. Wakazungumza. Kisha yule wa pili akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Hakuna kitu kinaingia bila kukaguliwa. Uweke chini kwa mstari, mbwa aunuse kwanza."

Jirani wa mama, muumini wa kanisa, ambaye sijapata kumsikia akitukana, alimtukana. Alimtukana kwa Kigiriama kuanzia kwao mpaka kwa babu zake. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nusu nimechanganyikiwa. Mama kule ndani ameketi, mkono ameuinua, anauliza, "Umefika? Mchanga umefika?"

Akatafutwa mkubwa wao. Mkubwa alikuwa upande wa pili wa jengo. Alipofika alikuwa mtu wa huku huku, alielewa kabla sijamaliza sentensi, akaruhusu mchanga na akaniruhusu mimi. Nikaingia mbio. Nikamwosha mama mkono kwenye bomba, mchanga kwanza, maji baadaye, nimekazana kama ninayesugua sufuria iliyoungua. Tulipotoka bombani mlango wa kwenda kwenye treni ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa ndani ya stesheni, ana tiketi, mkono wake ni safi, na treni bado imesimama upande wa pili wa kioo. Yule mkubwa alibisha. Mwenye mlango akatikisa kichwa, akaonyesha saa yake. Treni yetu inaondoka kwa wakati wake, na ikaondoka.

Tulijaribu. Treni ya usiku imejaa. Ndege zimejaa. Kaka analia kwenye simu, mwanamume mwenye ndevu. Yule dereva wa gari la kukodi akakubali atupeleke, tukamlaza mama kiti cha nyuma miguu imeinuliwa kwenye mito, tukaishika barabara ya Nairobi. Tulikwama na malori kuanzia Mariakani. Malori kwa malori, yamebeba makontena yale yale ambayo tuliambiwa yatapanda reli. Tulifika mchana wa siku ya pili. Daktari alikuwa ameshamaliza kazi yake, ameshavua koti, ameshapelekwa uwanja wa ndege. Muuguzi alitukaribisha vizuri, akamwekea mama dawa ya matone, akasema mwingine atakuja na tutapigiwa simu.

Simu ilikuja baada ya miezi. Presha ile haikungoja simu. Siku mama alipokaa tena mbele ya daktari, alimulikwa kwa muda mrefu, na daktari akakizima kitochi chake akaniomba tutoke nje tuzungumze. Mama akasema hapana, semeni hapa hapa, ni jicho langu. Akasikia mwenyewe kwamba mshipa umekufa.

Nilirudi Miritini nikiwa peke yangu, kwenda kuonana na wahusika. Nilipokewa na bwana mmoja nadhifu ofisini, akanipa kiti na maji baridi. Nilimweleza yote. Nilimweleza tiketi ya kusindikizia, nikamweleza mkanda wa mizigo wa Dar es Salaam, nikamwomba meza moja tu, meza ya pembeni na mtu wa kupekua kwa mkono, na mlango wa mtu wa kumkalisha mgonjwa wake. Alitabasamu kwa huruma.

"Mama," akaniambia, "hapa si India."

Nilimtazama. Nilikuwa nimetoka nyumbani nimejiapisha kwamba sitapiga kelele.

"India mama yangu alipanda treni," nikamwambia. "Alivuka bahari, akaenda kwenye nchi asiyojua lugha yake, kwenye stesheni yenye mbwa wamelala, akapanda treni na akashuka. Ameshindwa kupanda kwake. Kwake, Mombasa, alipozaliwa yeye na mama yake na bibi yake. Kwa hiyo usinitajie India kana kwamba unaitukana."

Akasema atalifikisha suala hilo kwa wakubwa. Nikamwachia maji yake.

Watu wanakuja Mtongwe kumpa mama pole, na wote wanasema kadari. Mama mwenyewe anasema kadari. Mimi kadari ya Mungu siipingi, nisije nikaadhibiwa. Lakini geti lile halikuwekwa na Mungu. Kuna mtu alikaa mezani, akachora mstari wa mizigo, akachora matofali, akachora njia ya abiria, na hakuuliza mtu yeyote wa huku kitu kimoja. Huyo ningependa nimwone. Ningependa aje akae barazani kwa mama baada ya adhuhuri, awasikilize watoto wakisoma, amwone mama akiwasahihisha kwa kichwa tu, kidole chake kinapita juu ya ukurasa kwa mazoea na kiko mistari mitatu mbali na neno linalosomwa. Watoto wanaona. Hakuna anayemwambia.

Mwaka huu binti yangu alijifungua. Alipotoka arubaini tulimpeleka mtoto kwa mama, tukamweka mapajani mwake. Nyumba ilijaa wanawake. Mama alimpapasa mtoto taratibu, masikio, pua, vidole vya miguu, akacheka kwa furaha, kisha akainua uso kuelekea tulipokuwa.

"Kafanana na nani?"

Wote wakanigeukia. Nikaona mimi ndiye wa kusema.

"Kafanana na wewe, Mama. Wewe mtupu."

"Alaa!" Akaupitisha mkono wake tena juu ya kipaji cha mtoto, polepole zaidi, halafu akaupandisha mkono huo huo usoni kwake, akaugusa na yeye. "Kwani miye siku hizi nimekuwaje?"

Nikasogea nikakaa karibu yake, nimeuma meno kwa hasira mpaka taya zinaniuma, nikaanza kumweleza mama yangu uso wake.